SOMO LA KIKUNDI: NDEGE HUYU NI NANI? Kumtambua ndege kwa picha kabla ya kumhukumu

Somo la safari hii ni la wafugaji wa kuku wa kienyeji na wakulima wa viazi na mahindi, na kwa kweli linamhusu kila mtu mwenye simu ya kupiga picha. Lisomeni pamoja mkutanoni. Anayesoma vizuri awasomee wengine, na mkifika kwenye maswali mwisho wa somo, msimame mjadiliane.

LENGO LA SOMO

Mkimaliza somo hili, kila mwanakikundi aweze:
1. Kutazama picha ya ndege asiyemjua na kutaja mambo sita ya kumtambulisha.
2. Kutofautisha mwewe, shakivale, kipanga mweusi, na ndege wawili wengine wanaochanganywa nao.
3. Kueleza kwa nini sumu si dawa ya ndege anayeshukiwa kula vifaranga.

MFANO WA KUJADILI

Tuseme kikundi kimoja cha akina mama wa mtaa wa Section 58, hapa Nakuru, kina mradi wa kuku. Wengine wanafugia nyumbani mtaani, wengine wana shamba dogo upande wa Bahati. Katika wiki mbili vifaranga kumi na mmoja wamepotea. Kijana wa mama mmoja anampiga picha ndege mkubwa wa rangi ya kahawia, ametua juu ya posti ya ua kando ya mahindi. Picha inaletwa mkutanoni. Simu inapita mkono kwa mkono.

"Huyo ni mwewe, mnauliza nini tena?" anasema wa kwanza. Wa pili anasema ni tai. Mzee mmoja anasema kwao Gikuyu wanamwita hungu, basi, maneno yameisha. Mwingine anasema kuna dawa fulani ya shambani, ukipaka kidogo kwenye utumbo wa kuku na kuutupa pale chini ya posti, kesho hakuna ndege.

Hebu tusimame hapo. Kikundi kiko karibu kupitisha hukumu ya kifo, na mshtakiwa hajatajwa jina lake. Je, ndege wa kwenye picha ndiye aliyechukua vifaranga? Tunajuaje?

KWA NINI JINA NI JAMBO KUBWA

Kenya ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Ukienda Ziwa Nakuru pekee, ambalo limekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1968, wameandikwa zaidi ya aina 400. Kati ya hao wako wengi wenye mdomo uliopinda na kucha kali. Lakini sisi mtaani tuna majina mawili au matatu tu: mwewe, kipanga, tai. Jina moja linabeba ndege kumi, na kosa la mmoja linalipwa na wote.

Mambo hayakuwa hivyo zamani. Fungueni Walawi sura ya 11, mstari wa 13 hadi 19. Pale ndege wawindao wanatajwa mmoja mmoja, baadhi yao na aina zao. Waisraeli walitakiwa wawajue kwa kuwatofautisha, si kuwaweka wote kwenye gunia moja. Na katika Mwanzo 2:19 kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu kuhusu wanyama na ndege ilikuwa kuwapa majina. Kumpa kiumbe jina lake ni mwanzo wa kumtunza.

Liko pia jambo la mfuko. Kuna ndege anayewinda fuko na panya, na fuko mnamjua nyinyi. Anaingia chini ya viazi, karoti na viazi vitamu, mpaka mkulima anamlipa mtegaji kwa kila fuko anayekamatwa. Sasa ukimwua ndege anayekula fuko bure, bila kuomba mshahara, umejiibia mwenyewe.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA KWENYE PICHA

Watu wengi wakiona picha ya ndege huanza na rangi. Rangi ni muhimu, lakini ndiyo inayodanganya zaidi. Fuateni utaratibu huu.

La kwanza: mkia. Je, ni mrefu au mfupi? Mwisho wake umekatwa sawa, umeviringa, au umegawanyika kama mkia wa samaki? Una mistari ya kukata?

La pili: mabawa. Ndege akiwa ametua, tazama ncha ya bawa lililokunjwa inafika wapi. Inafika karibu na mwisho wa mkia, au inaishia katikati? Akiwa angani, bawa ni pana na fupi, au refu na jembamba?

La tatu: mdomo na uso. Mdomo ni wa manjano wote, au ni mweusi ukiwa na ngozi ya manjano kwenye shina tu? Kichwani kuna kishungi? Macho ni ya rangi gani?

La nne: miguu. Ni minene au myembamba, mirefu au mifupi? Ina manyoya mpaka kwenye vidole au iko wazi?

La tano: rangi na mahali ilipo. Usiseme tu "ni mweusi na mweupe." Sema: mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mwekundu. Kama kuna michirizi, sema iko kifuani au tumboni.

La sita: mahali, tarehe na tabia. Picha ilipigwa wapi, mwezi gani, saa ngapi? Ndege alikuwa anafanya nini? Kutua juu ya posti mahali peupe ni tabia ya ndege fulani. Kujificha ndani ya mikaratusi ni tabia ya mwingine.

Hili la sita hulioni ndani ya picha, lazima aliyepiga aseme. Kwa hiyo katibu wa kikundi aandike kwenye daftari siku hiyo hiyo: tarehe, shamba la nani, ndege alikuwa wapi, na nani alimwona. Picha isiyo na tarehe wala mahali ni kama barua isiyo na jina la mwandishi.

PICHA PIA HUDANGANYA

Jueni mitego hii minne.

Mwanga. Ukipiga picha ndege akiwa kati yako na jua, atatoka mweusi wote hata kama ni wa kahawia. Jua la jioni nalo hufanya kifua cheupe kionekane cha manjano. Zunguka ulipige jua kisogo, mwanga umwangukie ndege.

Ukubwa. Picha haina futi ya kupimia. Ndege aliye karibu anaonekana tai, aliye mbali anaonekana njiwa. Tafuta kitu unachokijua ndani ya picha, kwa mfano posti, waya au bua la mahindi, ulinganishe nacho.

Pembe. Mkia uliogawanyika hauonekani vizuri ndege akiwa ametua, na hata akiruka, akiutandaza wote, ule mgawanyiko unapungua. Kwa hiyo picha moja haitoshi. Piga tatu au nne: ametua, amegeuka, anaruka.

Picha za kutumiwa. Picha ikishapita kwenye WhatsApp inapoteza ubora, na ile tarehe na mahali vilivyohifadhiwa ndani yake haviji nayo. Tena kuna picha zinazozunguka nchi nzima zikisemwa ni za hapa, kumbe ni za bara lingine. Kama hujui nani alipiga, usiitumie kama ushahidi.

NDEGE WATANO WA KUWAJUA

1. Mwewe. Huyu ndiye mnayemwona kila siku juu ya Nakuru, akizunguka sokoni, machinjioni na kwenye majaa ya takataka. Ni wa kahawia mwili wote. Mabawa ni marefu, yamepinda kidogo kama kiwiko. Alama yake kubwa ni mkia uliogawanyika, na akiruka anaupinda huku na huku kama usukani. Mkubwa ana mdomo wa manjano wote. Lakini angalieni: mwewe mchanga ana mdomo mweusi, kwa hiyo mdomo peke yake hautoshi. Miguu ni mifupi na haina nguvu sana. Anakula mabaki, mizoga midogo, kumbikumbi, na ndiyo, vifaranga anavichukua. Huyu ana kesi ya kujibu.

2. Shakivale. Mkubwa ni rahisi kumjua: mgongo mweusi wa kijivu, mkia mfupi mwekundu kama udongo wa Bahati, mabawa mapana. Wengi wana kifua cheupe, ila wako ambao ni weusi hata kifuani. Hao pia ni shakivale, na mkia wao ni mwekundu vilevile. Mdomo ni mweusi, na shina lake lina ngozi ya manjano. Anatua mahali peupe: posti, nguzo ya stima, mti uliokauka. Chakula chake hasa ni fuko, panya, nyoka na mijusi. Kifaranga anaweza kumchukua mara moja moja, lakini hiyo si kazi yake. Shida ni mtoto wake. Shakivale mchanga ni wa kahawia, kifua kina rangi ya maziwa ya chai na michirizi, na mkia bado haujawa mwekundu. Ndiyo maana anaitwa mwewe na kupigwa mawe.

3. Kipanga mweusi. Huyu naye ni mweusi mgongoni na mweupe kifuani, basi watu wanamchanganya na shakivale mkubwa. Lakini mkia wake ni mrefu na una mistari ya kukata, si mwekundu. Mabawa ni mafupi, na akiwa ametua ncha ya bawa inaishia karibu nusu ya mkia. Miguu ni mirefu na myembamba. Mkubwa ana macho mekundu. Anakaa ndani ya miti mirefu, sana sana mikaratusi, na hutokea ghafla kama mshale. Chakula chake ni ndege: njiwa, hua, na hata kuku. Mtoto wake ni wa kahawia mwenye michirizi, kama mtoto wa shakivale. Hapo ndipo panahitaji macho.

4. Tai mwenye kishungi. Ni mweusi, ana manyoya marefu kichwani yanayopeperuka na upepo kama kofia ya chifu wa zamani. Akiruka, mabawa yanaonyesha madoa makubwa meupe. Anakaa juu ya posti na nguzo kandokando ya barabara na mashamba. Anakula panya. Kwa umbo lake watu humwogopa bure.

5. Yule mdogo mweupe wa mabega meusi. Ni mdogo, kama njiwa mkubwa hivi. Kijivu mgongoni, mweupe kifuani, mabega meusi, macho mekundu. Husimama angani akipiga mabawa mahali pamoja, kisha anajiangusha kwenye nyasi. Anakula panya wadogo. Kifaranga aliyekua kidogo hamwezi.

TURUDI KWENYE PICHA YETU

Sasa tufanye kazi. Tuseme picha ya kile kikundi ilipigwa tarehe 14 Julai, saa nne asubuhi, shambani Bahati. Kijana alipiga picha tatu. Tufuate yale mambo sita.

Mkia: ni mfupi, mwisho wake umekatwa sawa. Katika picha ya tatu ndege anaruka, na mkia haujagawanyika. Hapa mwewe anaanza kutoka kwenye kesi. Kama tungekuwa na picha moja tu, ya kutua, tusingekuwa na uhakika. Hiyo ya kuruka ndiyo imetusaidia.

Mabawa: akiwa ametua, ncha ya bawa inafika karibu na mwisho wa mkia. Kipanga mweusi mchanga angekuwa na mkia mrefu unaochomoza mbali kupita bawa. Huyu siye. Angani mabawa ni mapana.

Mdomo: mweusi, shina lina manjano. Mama mmoja alikuwa amesema, "Si mnaona manjano? Ni mwewe!" Lakini ndege wengi wawindao wana ile ngozi ya manjano kwenye shina la mdomo. Swali ni kama manjano inafika mpaka ncha. Hapa haifiki.

Miguu: minene, ya manjano, iko wazi.

Rangi: kahawia mgongoni, kifua cha rangi ya maziwa ya chai chenye michirizi michache. Hakuna kishungi, kwa hiyo si tai mwenye kishungi.

Mahali, tarehe na tabia: ametua mahali peupe, juu ya posti, kando ya shamba. Na tarehe inatusaidia sana. Kuna ndege mwingine wa jamii hiyo hiyo ya shakivale, wa kahawia pia, anayetoka Ulaya ya mashariki na Asia na kupita Bonde la Ufa kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Aprili. Picha ingekuwa ya Novemba, tungelazimika kumfikiria, na kuwatofautisha hao wawili kwa picha ni kazi ngumu hata kwa wataalamu. Lakini mwezi wa Julai hao wageni wako kwao wakilea watoto.

Basi jibu ni nini? Ni shakivale mchanga. Na kama kikundi kinataka kuhakikisha, kuna njia mbili rahisi. Kwanza, kaeni shambani asubuhi mtazame juu. Shakivale wakubwa wawili wenye mikia myekundu wakiwa wanazunguka hapo, na yule wa kahawia akilialia kuwafuata, hiyo ni familia moja. Pili, tazameni chini ya posti. Ndege wawindao hutapika vibonge vidogo vya manyoya na vipande vya mifupa visivyosagika tumboni. Mkivunja kibonge kwa kijiti mkakuta manyoya laini ya kijivu ya fuko na panya, mmepata ushahidi wa alichokula. Nawani mikono kwa sabuni baadaye.

NANI BASI AMEKULA VIFARANGA?

Hapo kikundi kinarudi kwenye swali lenyewe, na ni vizuri kulijibu kwa ukweli. Vifaranga kumi na mmoja wamekwenda. Ndege wa picha hakuonekana na kifaranga hata mara moja. Alionekana juu ya posti, na kukaa juu ya posti si hatia.

Washukiwa ni wengi. Mwewe ni mmoja. Nguchiro ni mwingine, na paka wa jirani. Usiku wa baridi ya Julai unaua kifaranga asiye na joto. Mvua pia. Na ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza banda zima, na mzoga ukitupwa nje, mwewe anakuja kuuokota. Mtu anamwona mwewe na kifaranga mdomoni, anasema ameua, kumbe ameokota aliyekufa tangu usiku.

Kwa hiyo wekeni daftari la vifaranga. Hesabuni asubuhi mkifungua na jioni mkifunga. Wakipotea usiku, ndege wa mchana hawahusiki. Wakipotea mchana, andikeni saa. Mwezi mmoja tu wa kuandika utawaonyesha mengi kuliko mwaka mzima wa kulaumiana.

Na hizi ndizo kinga zinazofanya kazi:

- Fungieni vifaranga ndani ya tenga au kibanda cha wavu kwa wiki sita hadi nane za kwanza. Ndege hamwezi kuku aliyekua kwa urahisi anavyomweza kifaranga.
- Acheni vichaka vifupi au pandeni mimea ya kivuli karibu na banda, kuku wapate mahali pa kukimbilia.
- Msitupe utumbo na mabaki ya nyama karibu na banda. Hayo ndiyo yanayomwita mwewe.
- Chanjeni kuku dhidi ya Newcastle kwa ratiba, kikundi kizima siku moja. Muulizeni afisa wa mifugo.
- Banda liwe na mlango unaofungika na sakafu isiyochimbika, kwa ajili ya nguchiro.

KUHUSU SUMU

Tuseme wazi: sumu haichagui. Utumbo ulipakwa dawa ukatupwa chini ya posti, atakayekuja kwanza huenda ni mbwa wako, au kuku wako mwenyewe, au mtoto mdogo anayecheza na kila kitu. Ndege akifa, anayekula mzoga wake anakufa pia. Sumu ya panya ni vilevile: panya aliyelewa anakuwa rahisi kukamatwa, na bundi au shakivale anayemla anaingia kaburini naye. Mwaka ujao panya na fuko wanarudi, lakini wawindaji wao hawapo.

Nchi yetu imeshaona uchungu huu. Dawa ya kuua wadudu iitwayo Furadan ilitumiwa vibaya kuulia simba, fisi na tumbusi mpaka mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ikaamua kuiondoa kwenye maduka ya Kenya. Na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuua mnyamapori bila ruhusa. Ndege wa porini wamo.

Hasara inaonekana. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza matokeo ya hesabu za ndege wawindao zilizofanywa kandokando ya barabara za Kenya, wakilinganisha miaka ya 1970 na miaka ya karibuni. Aina nyingi zilikuwa zimepungua sana. Kati ya waliopungua vibaya ni shakivale na tai mwenye kishungi, hao hao wa posti zetu, wala fuko na panya wetu. Sababu si sumu peke yake. Ziko nyaya za stima, ukosefu wa miti ya kujengea viota, na malisho kugeuzwa mashamba. Lakini sumu ni ile sababu ambayo kikundi kinaweza kuikomesha kwa kuamua tu, bila kungoja serikali.

MKISHINDWA KUMTAMBUA, MUULIZE NANI?

Kuna picha ambazo hazina jibu, na si aibu kusema hivyo. "Hatujui bado" ni jibu zuri kuliko jina la kubahatisha.

Siku hizi ziko programu za simu ambazo ukiweka picha ya ndege zinakuambia jina. Zinasaidia, vijana wetu wazitumie. Lakini mashine haijui picha ni ya Bahati au ya Brazil kama hukuiambia, na ndege wachanga wa kahawia huichanganya kama wanavyotuchanganya sisi. Ichukulieni kama shahidi mmoja, si hakimu. Jina ambalo imetoa lipimeni tena kwa yale mambo sita.

Kwa binadamu wa kuuliza, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina idara ya ndege. Shirika la Nature Kenya lina wanachama wanaojua ndege vizuri. Waelekezaji wa watalii wa Ziwa Nakuru wengi ni vijana wa hapa hapa. Alikeni mmoja mkutanoni, mpeni chai, mtashangaa anayoyajua. Na kwa ndege mwindaji aliyeumia, kuna kituo cha kuwatibu huko Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita. KWS nao wana ofisi hapa Nakuru. Msimshike kwa mikono mitupu, kucha zake zinaingia mpaka mfupani. Mfunikeni kwa kitambaa kizito, awekwe kwenye katoni mahali pa giza na kimya, kisha mpige simu.

Mkiona ndege ana pete mguuni, ipigeni picha mpaka namba zisomeke. Mwezi wa Januari 2021 watu wa Siaya walimkuta ndege mmoja mla samaki amedhoofika. Pete ya mguuni ilionyesha ametoka Ufini, safari ya karibu kilomita 7,000. Bila ile pete angekuwa ndege tu wa kando ya mto. Namba ndiyo iliyosema habari zake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika lugha za nyumbani kwenu, kuna majina mangapi ya ndege wawindao? Wazee watajeni, katibu aandike. Kila jina ni la ndege yupi kati ya watano tuliowasoma?
2. Mwanakikundi analeta picha ya ndege mweusi mgongoni na mweupe kifuani. Mtauliza nini kwanza kabla ya kusema jina?
3. Kwa nini rangi ya manjano kwenye mdomo haitoshi kuthibitisha kwamba ni mwewe?
4. Katika mfano wetu, kama picha ingepigwa mwezi wa Novemba, jibu lingebadilika vipi?
5. Kikundi chenu kikipata hasara, huwa mnatafuta sababu au mnatafuta wa kulaumiwa? Toeni mfano, hata usiohusu kuku.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja amtazame ndege mmoja mwindaji karibu na nyumbani kwake. Mwenye simu apige picha tatu: ametua, amegeuka, anaruka. Asiye na simu achore kwa kalamu, hata kama mchoro ni mbaya, mradi aonyeshe mkia na bawa. Andikeni tarehe, mahali na alichokuwa akifanya. Mkikutana, wekeni picha na michoro mezani, na kabla mtu hajataja jina, kikundi kizima kipitie yale mambo sita.

Na yule mwenye vifaranga aje na daftari lake la asubuhi na jioni.

Bwana awabariki katika kazi ya mikono yenu.